Jinsi ya kutafsiri "height" bila kumpoteza fundi wala mkulima

Juzi mpwa wangu alinipigia simu kutoka Kisumu. Amepata kazi ya kutafsiri maelezo ya mbegu za mahindi, kurasa mbili tu, na katika kurasa hizo mbili neno "height" limejitokeza mara sita.

"Mjomba," akaniambia, "nimeweka urefu kila mahali lakini nikisoma naona mambo hayashikani. Mstari mmoja mahindi yana urefu wa mita mbili na nusu, mstari wa chini yake yanataka urefu wa mita elfu moja na mia tano. Mkulima atanielewa kweli?"

Tulikaa kwenye simu karibu saa nzima. Haya hapa ni yale niliyomweleza, pamoja na mengine yaliyonijia baada ya kukata simu. Kazi yangu ni kutafsiri, niko Nakuru, na karatasi nyingi zinazopita mikononi mwangu ni za ujenzi, maji na kilimo. Ndiyo maana mifano yangu inatoka huko.

Hatua ya 1: Chapisha, kisha piga mistari

Usianze kutafsiri hata sentensi moja. Chapisha karatasi yote, chukua kalamu nyekundu, upigie mstari kila "height". Ukikutana na "altitude", "elevation", "high" na "tall", zipigie mstari pia, kwa sababu ni ndugu wa nyumba moja. Fanya kwenye karatasi. Kwenye skrini jicho huruka.

Hatua ya 2: Kutoka wapi hadi wapi?

Kando ya kila mstari mwekundu andika: kutoka ___ hadi ___. Kisha jaza. Kutoka unyayoni hadi utosini. Kutoka ardhini hadi hindi lilipoota kwenye bua. Kutoka usawa wa bahari hadi shambani. Nafasi mbili zikikataa kujazika, hicho si kipimo. Kipeleke hatua ya 5.

Hatua ya 3: Usiliache neno "urefu" peke yake

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa kuwa hapa ndipo palipowahi kumgharimu mtu pesa kwa sababu yangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilitafsiri maelezo ya kuweka tanki la maji la lita 5,000. Kiingereza kilisema stendi ya tanki iwe na "height" ya mita 3 na upana wa mita 2. Nikaandika: "Stendi iwe na urefu wa mita 3 na upana wa mita 2." Nilipoisoma niliiona sentensi safi kabisa, nikaituma, nikalipwa.

Baada ya muda nikapigiwa simu na mwenye nyumba mmoja wa Lanet, hapa Nakuru. Tanki limejaa, lakini bafuni maji yanatoka kwa kudondoka, na likifika nusu, bafu linakauka kabisa. Nikapanda matatu nikaenda kuona. Nilikuta stendi imejengwa vizuri mno: mawe yamekaa sawa, leveli imenyooka, mita 3 kwa mita 2, na kwenda juu kozi nne tu, yaani safu nne za mawe. Fundi akatoa karatasi yangu kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara nne. Akaifungua juu ya goti na kuweka kidole chenye saruji kwenye mstari wangu. "Urefu tatu, upana mbili. Nilipima mara mbili."

Alikuwa amesoma sawasawa. Kosa lilikuwa kwenye karatasi.

Angalia hesabu yake ilivyo. Kozi nne za mawe ya inchi tisa ni kama futi tatu, hata mita moja haifiki. Bomba la kutolea maji liko chini ya tanki. Kichwa cha bafu kiko karibu mita 2 kutoka sakafuni. Kwa hiyo maji yaliyo tankini yakishuka chini ya usawa wa kichwa cha bafu, hayana nguvu ya kupanda tena. Maji ya tanki husukumwa na kule kwenda juu peke yake: kila mita 10 ni takriban bar moja ya shinikizo, kila mita moja ni sehemu moja ya kumi ya bar. Stendi ikiwa ndefu kwa kulala chini hata mita 20, haiongezi chochote. Tanki lilitolewa maji, likashushwa, stendi ikajengwa upya.

Sasa, kwa nini kosa hili ni rahisi hivyo? Kwa sababu "-refu" hubeba mizigo mitatu. Barabara ndefu inalala. Mtu mrefu anasimama. Kisima kirefu kinashuka. Na wengi wetu huku lugha zetu za nyumbani zinafanya vivyo hivyo: kwa Dholuo "mabor" ni njia na ni mtu pia, kwa Gĩkũyũ "-raihu" hivyo hivyo. Kwa hiyo sikio letu halishtuki. Nomino yenyewe ndiyo inayotuambia ni urefu upi, na mara nyingi inatosha. Ukisema mnara wa simu una urefu wa mita 40, hakuna atakayedhani umelazwa.

Shida inaanza kwenye vitu vyenye pande zote: stendi, ukuta, sanduku, kreti, kitanda cha miche, banda la kuku. Inazidi mara neno "upana" linapokaa karibu. Msomaji akiona urefu na upana pamoja, tayari ameshachora sakafu kichwani. Hakuna tena nafasi ya kwenda juu.

Basi mimi natumia "kimo". Urefu nauachia kile kinacholala, upana uko palepale, kimo ni kwa kinachosimama, na kina ni kwa kinachoshuka. Huu ndio mpangilio ninaoutetea kwa kila mtu anayenitumia kazi, lakini una masharti yake, na tafadhali usiyaruke.

Kwanza, watu wengi huku wanalijua neno kimo kwa ajili ya mtu tu: kijana wa kimo cha wastani. Kimo cha ukuta kinawachukua sekunde moja kukishika. Kwa hiyo mara ya kwanza andika "kimo, yaani kutoka chini kwenda juu", halafu uendelee na kimo peke yake.

Pili, ikiwa karatasi ni ya fundi, ongeza maneno ya mjengo. Fundi anahesabu futi na kozi. "Kwenda juu mita 3, yaani karibu futi 10" humfikia haraka kuliko neno lolote la kamusi. Sioni aibu kuandika hivyo, wala wewe usione.

Tatu, usichanganye kimo na mshazari. Kimo cha paa ni wima, kutoka juu ya ukuta hadi kwenye kilele cha paa. Ule ubao unaopanda mshazari una urefu wake mwenyewe, na siku zote ni mkubwa kuliko kimo. Waliosoma hisabati kwa Kiswahili Tanzania wanalijua hili tangu shule ya msingi: eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo, na kimo hicho lazima kisimame wima juu ya kitako. Ukiandika "urefu wa paa", mtu atanunua mbao fupi.

Nne, maji yaliyo ndani ya kitu. Kiingereza kinasema "height" ya maji tankini, na kweli unapima kutoka chini. Lakini Kiswahili hutazama maji kutoka juu. Andika kina cha maji.

Tano, vipimo vitatu vinavyofuatana na alama za mara katikati, kama 60 × 40 × 50. Usivihamishe hivyo. Kuna kampuni zinazoanza na urefu, nyingine zinaanza na kimo. Tafuta picha, hakikisha, kisha andika kila namba na jina lake. Ukikosa picha, muulize aliyekupa kazi, hata kama ni saa nne usiku.

Na sita, usiwe mkali kuliko lugha yenyewe. Mtu mrefu abaki mrefu, mlima mrefu ubaki mrefu. Ninachokataa ni nomino "urefu" ikiwa peke yake mbele ya namba, kwenye kitu ambacho kinaweza kusimama au kulala.

Hatua ya 4: Bahari ikihusika, ni "mwinuko"

Mita elfu na zaidi karibu kila mara ni kutoka usawa wa bahari. Hapo neno ni mwinuko, na uandike kwa ukamilifu angalau mara moja: "mwinuko wa mita 1,500 juu ya usawa wa bahari". Bahari yenyewe, kwa vipimo vya Kenya, ni ile ya Kilindini, Mombasa, kwa wastani wa kupwa na kujaa kwake. Mkulima wa Nakuru hatakuuliza hilo, lakini wewe mtafsiri ukilijua, hutathubutu kuandika "urefu wa shamba ni mita 1,850".

Ukitaka kujipima kama umeelewa, chukua Menengai, tunayoiona kila asubuhi hapa mjini. Kilele chake kiko kwenye mwinuko wa mita 2,278. Mji wa Nakuru uko kwenye takriban mita 1,850, kwa hiyo ukipanda kutoka mjini, kimo unachokishinda kwa miguu ni mita mia nne na kitu. Kisha ukifika ukingoni na kutazama ndani ya kreta, yaani lile shimo kubwa la volkeno, kina kilicho mbele yako kinakaribia mita 500. Mlima mmoja, namba tatu, maneno matatu. Kiingereza kinaweza kuzibeba mbili za kwanza kwa "height" moja bila kutoa jasho.

Kwenye karatasi za mbegu jambo hili ni zito kweli. Ziwa Victoria liko kwenye takriban mita 1,134. Ukitoka Kisumu ukapanda hadi Timboroa, unavuka mita 2,700. Kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa kadiri ya nyuzi 6 na nusu, na baridi huchelewesha mahindi kukomaa. Ndiyo sababu mbegu ya nyanda za juu haiuzwi kwa mtu wa Ahero, kule chini karibu na Kisumu. Mkulima akisoma "urefu wa mita 1,500 hadi 2,100" na asielewe kwamba ni mwinuko wa eneo lake, atanunua mbegu isiyomfaa na atajua baada ya miezi.

Angalia pia futi. Maandishi ya zamani, hasa ya reli na ramani za kikoloni, yanatoa mwinuko kwa futi. Reli ya kupitia Timboroa ilipita kilele cha futi 9,136. Zidisha kwa 0.3048 utapata mita 2,785. Ukisahau kubadilisha, umeiweka reli juu kuliko Mlima Elgoni mara mbili.

Kimo na mwinuko vikikutana katika sentensi moja, vitenganishe bila woga: "mnara wenye kimo cha mita 40, uliojengwa kwenye mwinuko wa mita 2,000".

Hatua ya 5: Zile zisizo na kipimo

Hapa fuata maana, achana na neno. Mvua ikiwa kwenye "height" yake, basi mvua zimepamba moto au zimeshika kasi. "The height of stupidity" ni ujinga uliokithiri. Anayeogopa "heights" anaogopa kuwa mahali pa juu. Aliyefika "great heights" amefika mbali. "Golan Heights" ni Milima ya Golan. Na mtaa au jumba likiitwa "Heights", jina ni la mwenyewe, liache lilivyo. Ila ukiombwa ubuni jina la Kiswahili la mtaa kama huo, tayari wazee walishalibuni: Milimani. Nakuru ipo, Kisumu ipo.

Hatua ya 6: Msomee anayeshika kifaa

Usimsomee mtafsiri mwenzako. Yeye ameshakijua Kiingereza, atakuelewa hata ukikosea. Msomee fundi, mkulima, mama anayeuza mbegu dukani. Soma mstari mmoja, kisha mwambie akuonyeshe kwa mkono. Mkono ukienda pembeni badala ya kwenda juu, rudi hatua ya 3.

Mpwa wangu alifanya hivyo kwa jirani yake anayelima Nyahera. Alirudia mara mbili mstari wa kimo cha hindi, kwa sababu jirani alionyesha urefu wa hindi lenyewe, kutoka kitako hadi ncha, kama shubiri moja hivi. Waliubadilisha, na mistari iliyopelekwa ni hii:

"Mbegu hii inafaa maeneo yenye mwinuko wa mita 1,500 hadi 2,100 juu ya usawa wa bahari. Mmea ukikomaa huwa na kimo cha mita 2.5. Hindi huota kwenye bua mita 1.3 kutoka ardhini, hivyo mmea hauangushwi upesi na upepo. Panda kwenye kina cha sentimita 5."