Mambo ya Kuzingatia Kuhusu Nge Kabla ya Kwenda Kambini

Anayejiandaa kwenda kwenye misitu ya miombo ya Tabora, awe anakwenda kurina asali au kukausha tumbaku, huhesabu unga, maharage na chumvi mpaka akaridhika, na nge humkumbuka akishaumwa. Viatu vya kufunika vidole ni lazima, na vikung'utwe kila asubuhi kabla ya kuvaliwa. Chandarua kichomekwe pande zote. Glovu za kushikia kuni zinunuliwe mjini.

Tochi ya kawaida haitoshi. Ongeza ile ndogo ya mwanga wa zambarau ambayo wafanyabiashara hukagulia noti bandia, kwa sababu gamba la nge likimulikwa na mwanga wa urujuanimno hung'aa kijani-buluu, hata akiwa amejibanza kwenye ufa wa gome. Mulika malazi, kuta na rundo la kuni kabla watoto hawajalala.

Jifunze pia kumtambua wa kuogopwa. Nge mkubwa mweusi mwenye magando mapana mekundu hutisha kila mtu, lakini huyo hutegemea zaidi magando kuliko sumu. Hatari kubwa kwa kawaida hutoka kwa wenye magando membamba, wa kahawia au manjano, ambao baadhi yao hupenda kukaa chini ya magome, nao huingia kambini ndani ya kuni tunazobeba wenyewe. Kwenye bani moja, yaani banda la kukaushia tumbaku, huko Urambo nilishuhudia mtoto wa kike wa miaka kama mitano, aliyetumwa kuleta ukuni, akirudi analia huku ameshika mguu. Nge aliyekutwa kwenye kuni hakuzidi urefu wa kidole cha mwisho. Wakubwa walimtazama, wakasema, "Haka hakana kitu," wakamfunga mtoto kitambaa juu ya goti, wakambandika jiwe jeusi linalodhaniwa kunyonya sumu, wakarudi kuchochea moto. Haukupita muda mrefu mate yakaanza kumtoka mfululizo, macho yakawa yanazunguka, na mikono na miguu ikarukaruka bila yeye kutaka. Hapo ndipo bodaboda ilipoanza kutafutwa: ya kwanza haikuwa na petroli, na mwenye ya pili alikuwa amezima simu. Mtoto alifikishwa hospitali alfajiri na akapona, ila alama ya kile kitambaa ilionekana kwenye paja lake kuliko mahali alipoumwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, andika namba za madereva wawili au watatu, weka akiba ya petroli, na ujue ni zahanati ipi iliyo karibu na kama ina mhudumu usiku. Aliyeumwa aoshwe kwa maji na sabuni, awekewe kitambaa chenye maji baridi, apewe parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Usichanje, usinyonye, usifunge. Mtoto mdogo apelekwe mara moja, bila kungoja mate wala mtukutiko.

Wapo pia wanaobeba jina la nge bila kustahili hofu hiyo. Mrina asali anaweza kukuta ndani ya mzinga vidudu vya milimita chache vyenye magando lakini bila mkia. Hao ni nge-bandia, ambao husafiri wakiwa wamemng'ang'ania nyuki na hawamdhuru mtu. Nge wa maji, anayepatikana kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga, ni mdudu wa miguu sita, na kile kinachoonekana kuwa mkia ni mrija wa kupumulia. Hata hivyo asishikwe mkononi, kwa kuwa mdomo wake huchoma. Ninaousisitizia zaidi ni mmea uitwao kitaalamu Heliotropium indicum, ambao shada lake la maua limejikunja kama mkia wa nge. Umbo hilo lisimshawishi mtu kuuchemsha na kumnywesha mgonjwa, kwa kuwa una kemikali zinazoharibu ini.

Mengine ni ya kawaida: kuni zirundikwe mbali na malazi, nguo zilizoanikwa zikung'utwe, watoto wasiingize vidole mashimoni, mzinga wa gome ulioanguka usiinuliwe kwa mikono mitupu, na anayekwenda chooni usiku asiende bila tochi hata kama njia anaijua.