Kukagua njia kati ya mtandao wa usambazaji wa maudhui na seva ya asili

Kampuni nyingi za utalii za hapa Arusha huwa na wageni walio mbali, na ndiyo maana tovuti zao huwekewa mbele mtandao wa usambazaji wa maudhui kama Cloudflare (seva zilizotawanyika duniani zinazotunza nakala za kurasa), ili picha za Serengeti zifunguke upesi hata Marekani. Alama ya kufuli anayoiona mgeni kwenye kivinjari huthibitisha kipande cha kwanza tu cha njia, kutoka kivinjari hadi mtandao huo. Kipande cha pili, kutoka mtandao huo hadi seva yako ya asili inayohifadhi tovuti yenyewe, hakimwoneshi chochote, ingawa namba yake ya pasipoti aliyoijaza kwenye fomu hupita humo humo.

Tazama kwanza mipangilio ya SSL/TLS (usimbaji wa mawasiliano) kwenye dashibodi ya Cloudflare. Hali ya Flexible hupeleka maombi kwenye seva kwa HTTP tupu, yaani bila usimbaji, kupitia poti 80, Full husimba mawasiliano bila kuhakiki cheti cha seva, na Full strict husimba na kuhakiki.

Usiishie kwenye dashibodi, kwa kuwa shahidi wa kweli ni logi (kumbukumbu ya maombi) ya seva yenyewe. Kama unatumia programu ya seva ya Nginx, ongeza `$server_port` kwenye `log_format`, pakia upya mipangilio, kisha fungua tovuti na usome mstari mpya ulioandikwa. Hakikisha ombi limefika kweli kwenye seva: kichwa cha jibu `cf-cache-status` kikisema HIT, umejibiwa na kache (nakala iliyohifadhiwa na Cloudflare) na jaribio halina maana, kikisema MISS au DYNAMIC, endelea. Ukikuta 80 mahali ulipotarajia 443, poti ya HTTPS (HTTP iliyosimbwa), jibu umelipata: kipande cha pili hakijasimbwa.

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ambayo tovuti yake ilikuwa ikijielekeza yenyewe bila kikomo. Seva ililazimisha HTTPS huku Cloudflare ikiwa kwenye Flexible, na fundi aliyenitangulia, badala ya kubadili hali hiyo, alikuwa anajiandaa kuondoa sharti la HTTPS kwenye seva. Kosa lingetoweka machoni, na data zingeendelea kupita wazi.

Kabla ya kuhamia Full strict, kagua cheti kwa kuifikia seva moja kwa moja kwa amri ya curl, ukiweka jina na anwani yako halisi:

`curl -v --resolve mfano.example:443:203.0.113.10 https://mfano.example/`

Cheti kilichotolewa na Cloudflare kwa ajili ya seva za asili kitalalamikiwa na curl, lakini Full strict hukikubali. Cheti kilichokwisha muda huzaa kosa 526, na kupeana mikono kwa TLS (hatua ya kuanzisha usimbaji) kukishindikana hutokea 525. Kosa 521 maana yake seva imekataa muunganisho, na 522 kwamba haikujibu kwa wakati. Mara nyingi ukuta wa moto ndio unaozuia anwani za Cloudflare yenyewe.

Mwisho, ruhusu poti 443 kwa anwani zilizotangazwa na Cloudflare pekee, kisha rudia amri ile ile ukitumia bando la simu yako: inapaswa kukwama, huku tovuti ikifunguka kama kawaida kwa jina lake.