Mtoto Mwenye Pumu: Namna ya Kuielewa na Kuidhibiti Nyumbani

Mtoto anayekohoa usiku wa manane, kisha asubuhi akaenda chuoni kama hana lolote, mara nyingi huambiwa tu kuwa "ana kifua" na kununuliwa dawa ya kikohozi. Iwapo kikohozi hicho hurudi kila mara, huzidi anapokimbia au kucheka, na huandamana na mlio wa filimbi anapotoa pumzi, apelekwe hospitali akachunguzwe pumu. Katika maradhi haya kuta za ndani za njia za hewa huvimba, misuli inayozizunguka hukaza, na makohozi mazito huziba upenyo mdogo uliobaki.

Dawa zake ni za aina mbili, na kushindwa kuzitofautisha ndiko kunakoleta matatizo mengi. Salbutamoli, ambayo pampu yake ya kuvutia dawa mdomoni kwa kawaida ni ya buluu, hulegeza misuli ndani ya dakika chache lakini haiondoi uvimbe. Dawa ya kuzuia, kama vile beklometasoni, hupunguza uvimbe polepole, kwa hiyo hutumiwa kila siku kama daktari alivyoandika, hata mtoto akiwa mzima, na kila baada ya kuivuta asukutue mdomo na kutema maji. Wazazi wengi huiacha pindi mtoto anapopata nafuu, nafuu ambayo imeletwa na dawa hiyohiyo. Wengine huogopa pampu wakidhani "itamzoesha" mtoto, wakachagua salbutamoli ya kunywa, ilhali hiyo huchelewa kufanya kazi, humtetemesha mikono na kumwendesha moyo mbio.

Pampu ikipulizwa moja kwa moja mdomoni mwa mtoto, sehemu kubwa ya dawa huishia kooni. Ndiyo sababu huhitajika spesa, chombo chenye uwazi kinachokaa kati ya pampu na mdomo, na ikikosekana, chupa ya plastiki ya maji ya mililita 500 inafaa. Ioshwe kwa sabuni na iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa. Kitako chake kikatwe tundu lenye umbo la mdomo wa pampu, kwa waya uliopashwa moto, kisha pampu ichomekwe na kingo zizibwe kwa utepe wa gundi. Tikisa pampu, mtoto akaze midomo kwenye shingo ya chupa, puliza mara 1 tu, avute na kutoa pumzi taratibu mara 5 au 6, ndipo urudie. Mdogo asiyeweza kukaza midomo anahitaji spesa yenye barakoa.

Anapobanwa, mkalishe wima na umtulize. Kwa mtoto wa miaka 5 kushuka, mwongozo wa kimataifa huanza na mipulizo 2 ya salbutamoli, mmoja baada ya mwingine, na huweza kurudiwa mara 2 zaidi kwa kupishana dakika 20. Mkubwa hufuata kiasi alichoandikiwa. Asipopata nafuu, au akishindwa kuzungumza au kunyonya, mbavu zikiingia ndani, midomo ikigeuka rangi au akiwa mlegevu, aondoke papo hapo kwenda hospitali huku akiendelea kupewa dawa njiani. Kifua kilichokuwa kikilia kikinyamaza ghafla ilhali mtoto bado anahangaika, hiyo si nafuu.

Mafua ndiyo yanayoamsha pumu zaidi, na hayazuiliki kirahisi. Yanayowezekana ni ya nyumbani: moshi wa sigara, wa kuni na makumbi, dawa ya mbu ya kuchoma, mito ya sufi iliyozeeka, na koga kwenye kuta za mawe za Mji Mkongwe wakati wa masika. Udi nao, sikusudii kuutoa katika nyumba za Waswahili, lakini chetezo kisipitishwe chumba anacholala mtoto. Kwa walioko Pemba, msimu wa karafuu asichezeshwe karibu na majamvi zinapopembuliwa, kwani vumbi lake huweza kumbana.

Skuli, mwalimu apewe pampu ya buluu na aoneshwe chupa inavyotumika. Wanaokaa mashamba, mbali na Chake Chake, Wete au Mkoani, wapatane mapema na mwenye gari atakayekubali kuamshwa usiku. Pampu nyingi huwa na mipulizo 200, na ile isiyo na kihesabu huendelea kutoa hewa hata dawa ikiwa imekwisha. Basi andika juu yake tarehe uliyoifungua na uhesabu.