SOMO: Kuingiza mafuta mazuri kwenye chakula chetu (Unguja na Pemba)

Assalaam alaykum. Suali la "nile mafuta gani?" limeulizwa humu mpaka nimechoka kulijibu kipande kipande, kwa hivyo naliweka lote hapa. Tafadhali lisomeni kabla ya kuuliza.

Kwanza jambo ambalo wengi wanaliruka. Mafuta mazuri, yaani yale yasiyoganda kama ya samaki, karanga, korosho na parachichi, yanashika nafasi ya kitu ulichokitoa. Gramu moja ya mafuta, yawe ya zeituni au ya mawese, ina kalori 9; ya wanga ina 4. Ukila mandazi yako kama kawaida kisha ukaongeza korosho na parachichi, umejizidishia chakula tu.

Hatua ya 1. Chagua cha kutoa. Kwa wengi wetu ni vya kukaanga: mandazi, sambusa, kachori, chipsi.

Hatua ya 2. Pahala pa andazi la asubuhi weka kiganja kimoja cha karanga au korosho zisizo chumvi. Zilizoota ukungu au zenye uchungu tupa, kwani sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, haiishi kwa kukaanga.

Hatua ya 3. Paka parachichi kwenye boflo badala ya siagi. Ndimu, chumvi kidogo, basi.

Hatua ya 4. Ufuta kaanga kavu, kisha utwange. Punje nzima nyingi hupita tumboni kama zilivyoingia.

Hatua ya 5. Samaki wa mafuta mara mbili kwa wiki. Hapa naomba mtulie, maana ndipo watu wanapoharibu.

Vibua, dagaa na jamaa zao wana omega-3 nyingi, aina ya mafuta mazuri ya samaki. Changu na pono ni watamu lakini mafuta yao haba. Tatizo ni kwamba samaki kama kibua na jodari hawastahamili joto. Akikaa juani tangu asubuhi, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yake, na histamini haiondoki kwa kupika, kuchoma wala kugandisha. Anayemla huwashwa mwili, uso ukawaka moto, kichwa kikagonga, moyo ukaenda mbio, pengine ndani ya dakika chache tu. Wapo walioacha samaki moja kwa moja wakidhani wana mzio, kumbe samaki ndiye aliyelazwa kwenye joto.

Nunua dikoni wanaposhuka, au sokoni kwa muuzaji mwenye barafu. Jicho liwe limejaa na linang'aa. Funua shavu, ndani pawe pekundu. Pakiwa na rangi ya kahawia, mrudishe. Bonyeza mgongo kwa kidole, na pakibaki shimo usimchukue hata akipunguziwa bei. Ukifika nyumbani toa matumbo, muoshe, mtie kwenye barafu hapo hapo. Na ukiwa unakula ukahisi ukali wa pilipili ambayo hukuitia, tema. Usimalize sahani kwa kumuonea haya mwenyeji. Aliyevimba mdomo au anayepumua kwa shida apelekwe hospitali mara moja.

Kupika: mchuzi wa ukwaju au kuchoma kwa makaa. Ukimzamisha kwenye mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, omega-3 yake hupungua na mafuta mabovu huingia, basi umepoteza kile kile ulichomnunulia.

Hatua ya 6. Mafuta ya kupikia ya kila siku, alizeti. Pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa. Yaliyogeuka kahawia na kutoa povu yamwage.

Hatua ya 7. Tui zito liweke kwa siku za shughuli. Siku nyengine tumia tui la pili, na chakula kimoja tu katika mlo ndicho kiwe cha nazi.

MASUALI

Kijana_Ngambo: Bi Mkubwa, somo refu. Nitajie tu mafuta nikanunue.

BiMkubwa_Jikoni: Hatua ya 6, mstari wa kwanza. Na hatua ya 1 kabla yake.

Kijana_Ngambo: Ya zeituni je?

BiMkubwa_Jikoni: Yanafaa, ila ni ghali. Alizeti na karanga zinakutosha.

Mzee_wa_Konde: Wazee wetu wamekula nazi mchana na usiku na wameishi sana. Leo nazi imekuwa sumu?

BiMkubwa_Jikoni: Sumu sikuandika, mzee wangu. Rudi hatua ya 7. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya aina inayoganda, nayo hupandisha lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linataka mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya kalori za siku. Wazee hao walilima, walikwenda kwa miguu, na tui lao lilikuwa la muhogo na samaki. Hapakuwa na chipsi na soda pembeni. Wali wa nazi, maharage ya nazi na mchuzi wa nazi kwenye sinia moja ndiyo ninayoikataa, na nitaendelea kuikataa.

Mama_wa_Wete: Shikamoo Bi Mkubwa. Dagaa wakavu nao wanabaki na hayo mafuta, au jua linayamaliza? Na mtoto wa mwaka na nusu anaweza kula?

BiMkubwa_Jikoni: Marahaba mwanangu, umeuliza jambo la maana. Hayaishi yote, ila jua na hewa huyaharibu, na kila dagaa wakikaa sana ndivyo yanavyozidi kuharibika. Kwa hivyo nunua kidogo kidogo. Wanusie kabla ya kulipa: waliogeuka manjano tumboni na kunuka mafuta yaliyochacha waache. Wengi wamechemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, basi waroweke na maji uyamwage, hasa kwa mtoto na mwenye presha. Kisha wakaushe, watwange wawe unga laini, umtilie kijiko kidogo kwenye uji au mchicha. Vile vifupa vinampa kalsiamu pia. Karanga zake nazo zisage. Karanga nzima asipewe mtoto chini ya miaka mitano, humkaba.

Dalali_Mkokotoni: Kuongezea hapo, tafuteni dagaa walioanikwa juu ya chanja. Wa chini huja na mchanga.

BiMkubwa_Jikoni: Ahsante, hilo nilisahau kuliandika.

Fundi_Chwaka: Mimi nina mawe kwenye nyongo. Nianze na hatua gani?

BiMkubwa_Jikoni: Usianze na yoyote. Muulize daktari wako kwanza.

Nyota_Kizimkazi: Mchicha na matembele nipike bila mafuta kabisa?

BiMkubwa_Jikoni: La, dada. Mwili unahitaji mafuta kidogo ili upate vitamini A kutokana na majani. Kijiko kimoja cha alizeti, au karanga za kusaga.

Nyota_Kizimkazi: Zangu za kusaga zimetoa mafuta juu. Zimeharibika?

BiMkubwa_Jikoni: Hapana, koroga tu. Zikiwa na ladha ya kuchacha ndipo utupe. Kwa joto letu weka frijini.

Mama_wa_Wete: Na mbegu za maboga? Sisi huku tunazitupa.

BiMkubwa_Jikoni: Msizitupe. Osha ule utelezi, anika, kaanga kavu kwa moto mdogo huku umefunika. Zikianza kupasuka, epua.