Mwalimu mgeni Unguja, ramani waachie wanafunzi

Kama umetoka Kenya au Uganda kuja kufundisha Kiingereza Unguja, mada ya kuelekeza njia usiifundishe kwa ramani ya kitabuni. Mwambie kila mwanafunzi aandike kwa Kiingereza namna ya kutoka sokoni Darajani hadi mahali anapopenda kula urojo au kunywa juisi ya miwa. Utaletewa mambo ambayo simu yako haiyajui: pita baraza ya wacheza bao, ukiona mlango wenye vikuba vya shaba kata kulia. Jumamosi alasiri, jua likishapoa, chukua karatasi mbili tatu uzifuate. Aliyechanganya kulia na kushoto utamjua kwa miguu yako.

Kupotea Mji Mkongwe kusikutishe. Mji umepakana na bahari, na upande wa mashariki ipo Creek Road, ambayo zamani ilikuwa mkono wa bahari uliotenga mji na mitaa ya Ng'ambo. Fuata kichochoro chochote, mwisho utatokea pwani au barabarani. Ukichoka kuzunguka, uliza barazani, ila salamu kwanza, na mzee mpe shikamoo yake. Haraka ya Nairobi huku haina soko.

Ukishauzoea mji, panda daladala, 502 ya Bububu au 505 ya uwanja wa ndege, hadi mwisho wa safari. Ramadhani mchana usile wala kunywa njiani. Matembezi yasogeze baada ya futari, bustani ya Forodhani, pwani ya Mji Mkongwe, inapochangamka.