Jinsi ya kuidai pete ya kinga ya VVU, kuanzia likelemba hadi zone (wilaya) ya afya

Nauza unga wa mahindi katika soko liitwalo Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, na ni mhamasishaji wa afya kwetu Katuba. Mwenzangu mmoja aliniambia: "Yaya, dada yangu, mume wangu ni dereva wa lori, kila wiki anavuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa. Kondomu hataki hata kuisikia. Mimi nimebaki na nini?" Swali lake ndilo lililonifanya nitetee mikrobisidi, yaani dawa ambazo mwanamke anajiwekea mwenyewe ukeni ili kujikinga na VVU, na hasa ile inayokuja kama pete. Ninavyofanya ni hivi.

Anzia kwenye likelemba, yaani kikundi chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu; ofisi zitafuata. Subiri pesa zigawanywe, maana kabla ya hapo hakuna anayekusikiliza. Kata kipande cha mpira laini wa maji, kiunganishe kiwe duara lenye upana wa sentimita tano na nusu hivi. Huo ndio ukubwa wa pete ya dapivirini, dawa ya kuzuia VVU. Kipitishe mkono kwa mkono, kina mama wakikunje na kukiachia, waone kinavyorudi umbo lake. Pete yenyewe ni ya silikoni, ina miligramu 25 za dawa, inakaa ndani mwezi mmoja kisha inabadilishwa. Kikao kikiisha, ukate mpira wako vipande mbele yao. Dada mmoja aliwahi kuniomba akautumie nyumbani, na usiku ule sikulala.

Sasa leta maharage. Usiseme tu "inakinga" ukanyamaza. Katika utafiti wa ASPIRE, ambao matokeo yake yalitoka 2016, walishiriki wanawake 2,629 wa Malawi, Uganda, Zimbabwe na Afrika Kusini. Nusu walivaa pete yenye dawa, nusu pete isiyo na dawa. Waambie wahesabu punje 97: hao ndio walioambukizwa upande usio na dawa. Pembeni wahesabu 71: hao ni wa upande wenye dawa. Acha malundo mawili mezani, wabishane. Kwetu mama mmoja alisema tofauti ni ndogo, mwingine akazitenga zile 26 kiganjani na kuuliza, "Kama mmoja wao ni binti yako?" Kisha ongeza kwamba kwa waliozidi miaka 21 maambukizi yalipungua kwa 56%, na wasichana walio chini ya hapo hawakuonekana kupata kinga, nao ndio walioivaa kwa kusuasua. Pete inayotolewa kila mara haimsaidii mtu. Haizuii mimba, wala kaswende, wala kisonono. Na lazima kupima VVU kwanza.

Habari mbaya nazo zitoe mwenyewe, kabla mtu hajakuumbua nazo. Mwaka 2000 ilijulikana kwamba nonoksinoli-9, dawa ya kuua mbegu za kiume iliyotumainiwa kukinga, iliwaongezea hatari wanawake walioitumia mara nyingi. Mwaka 2010 jeli ya tenofoviri, dawa nyingine ya VVU, ilipunguza maambukizi kwa 39% Afrika Kusini. Majaribio yaliyofuata hayakuthibitisha. Mimi nawaambia yote mawili, na ndiyo maana wanarudi kuniuliza.

Kisha andikia ofisi za afya barua ya kuidai pete, iwe ukurasa mmoja. Taja kwamba Shirika la Afya Duniani lilipendekeza pete Januari 2021 iwe njia ya ziada kwa wanawake walio katika hatari kubwa, na kwamba Julai 2025 lilipendekeza pia sindano ya kinga ya lenakapaviri, mara mbili kwa mwaka. Halafu uliza: pete imesajiliwa nchini? Imo katika mpango wa mwaka wa zone yetu? Wauguzi wamefundishwa? Swali linamlazimu mkubwa kujibu. Ombi analiweka kando.

Pitia ngazi zote: muuguzi mkuu wa kituo, CODESA (kamati ya maendeleo ya eneo la afya), daktari mkuu wa zone, kisha Divisheni ya Afya ya Haut-Katanga. Ukiruka mmoja, wa juu atakurudisha chini. Usiandike jina la mtu yeyote kama mwenye VVU. Sheria ya Kongo ya 14 Julai 2008 inawalinda wenye VVU. Wasaini wanaotaka tu.

Na nakala ziwe mbili. Barua yangu ya kwanza niliiacha katika ofisi moja bila kubaki na chochote. Baada ya miezi mitatu waliniambia hawajawahi kuiona, na sikuwa na la kuwaonyesha. Siku hizi siondoki dirishani mpaka nakala yangu igongwe muhuri, iwekwe tarehe na saini.

Ya pili ina muhuri. Iko ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya magunia yangu ya unga, mvua isiifikie. Jumatatu narudi nayo kuuliza jibu, na mke wa yule dereva amesema tutakwenda wote.