Mvua zinakuja kwa fujo: zuia maji yabaki shambani

Wakulima wengi hulalamika kwamba mvua zimepungua. Mara nyingi kilichoharibika zaidi ni mpangilio wake: zinachelewa kuanza, zinamwagika kwa siku chache, kisha jua linawaka wiki mbili tatu mimea ikiwa bado michanga. Kila hewa inapoongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Sentigredi, uwezo wake wa kubeba mvuke hupanda kwa takriban asilimia 7. Mvua ikinyesha, hunyesha kwa nguvu. Isiponyesha, hewa hiyohiyo hunyonya unyevu wa udongo upesi. Ndiyo maana shamba moja huweza kupata mafuriko na ukame ndani ya msimu mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kuwaza mbegu na mbolea, yazuie maji yasikimbie. Kwenye mteremko, pima kontua, yaani mistari ya usawa inayokatiza mteremko, kisha chimba makinga maji kuifuata. Ukitumia mtindo wa fanya juu, udongo wa mfereji hutupwa upande wa mlimani, na tuta linalojengeka hupandwa nyasi za malisho ili lisibomoke. Lima kwa kukatiza mteremko, kamwe usishuke nao. Penye ukame, panda kwenye matuta na weka vizuizi vifupi vya udongo ndani ya mifereji iliyo kati ya matuta hayo, kila baada ya mita moja au mbili, maji yatulie na kuzama. Udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji usiufanyie hivyo, mizizi itaoza. Huko unahitaji njia ya kuyatoa maji polepole.

Mabua usiyachome. Yakitandazwa hupunguza kishindo cha matone, hupoza udongo na hatimaye hugeuka mboji. Najua mabua hayohayo ndiyo chakula cha ng'ombe, na ushauri unaosahau ng'ombe haufuatwi na mtu. Basi gawa: yabaki ya kutosha kufunika angalau asilimia 30 ya ardhi, mengine yaende zizini na yarudi yakiwa samadi.

Mvua ya kwanza isikudanganye. Chimba uone: kama unyevu haujashuka kina cha kiganja kizima, subiri, la sivyo mbegu itaota na kukauka. Shamba la mahindi ligawe kwa tarehe mbili za kupanda, au changanya mbegu ya muda mfupi na ya muda wa kati. Joto likizidi nyuzi 35 wakati wa kuchanua, chavua hufa na gunzi hutoka na mapengo. Ni afadhali jua kali likute nusu ya shamba kuliko lote. Mtama huvumilia zaidi, japo ndege nao wanaupenda.

Ukame una deni jingine linalolipwa baada ya mavuno. Mahindi yaliyoteseka kwa kiu na joto hushambuliwa kirahisi na kuvu wa sumukuvu, sumu inayoharibu ini la mlaji na isiyoisha kwa kupika. Usianike juu ya udongo mtupu. Tumia turubai au kichanja, na tenga punje zilizooza au kutobolewa. Kupima ukavu, tia punje na chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu, tikisa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha juani. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15; anika tena kidogo kabla ya kuhifadhi, kwani ghalani inatakiwa asilimia 13.